Kilimanjaro Marathon na mifuko ya Moshi: dhana potofu na ukweli wake

Kila mwisho wa Februari au mwanzo wa Machi, Moshi hufurika. Kilimanjaro Marathon, inayofanyika tangu mwaka 2003, hukusanya wakimbiaji wa kilomita 42, 21 na 5 katika uwanja wa Chuo Kikuu cha Ushirika, na kuanzia Ijumaa jioni kupata chumba mjini huwa shughuli. Ikifika Jumatatu, maneno hugawanyika. Wapo wanaosema hela imemwagika na kila mtu kaneemeka. Wapo wanaosema tumefungiwa barabara tu, na hela imerudi Dar es Salaam na wenyewe waliokuja nayo. Wote wanautazama umati. Cha kutazama ni shilingi iliyoingia Moshi kutoka nje, ambayo isingeingia bila mbio, na ambayo Jumatatu ilikuwa bado ipo Moshi. Tunaandika haya kwa ajili ya wenye gesti, mama lishe, madereva, watendaji wa kata na wanakamati, kwa sababu wao ndio wanaopanga bajeti zao kwa kufuata maneno ya mtaani.

Dhana: Chukua idadi ya washiriki, zidisha kwa matumizi ya mtu mmoja, umepata faida ya mji

Hesabu hii ni nyepesi, na ndiyo maana inapendwa. Ina makosa manne.

La kwanza ni wakazi. Mtu wa Pasua au Majengo akikimbia kilomita 5 kisha akala nyama choma na wenzake, hela hiyo angeitumia hapahapa Moshi: baa ya jirani, viatu vya mtoto sokoni Memorial, au umeme. Imehama kutoka kwa mfanyabiashara mmoja kwenda kwa mwingine. Kwa mji mzima hakuna kilichoongezeka.

La pili ni wageni ambao wangekuja hata hivyo. Mtu aliyepanga kupanda Mlima Kilimanjaro Machi akasogeza tarehe ili akimbie, au mwana wa Kibosho aliyeahirisha kuja Pasaka akaja Februari, hajaleta shilingi mpya. Kabadilisha mwezi tu.

La tatu ni wageni wa asubuhi. Kutoka Arusha hadi Moshi ni kama kilomita 80. Mkimbiaji wa Arusha anaweza kuchukua namba yake hukohuko siku za katikati ya wiki, akajaza mafuta kwao, akaondoka saa tisa usiku, akakimbia, na saa nane mchana akawa nyumbani. Alichoacha Moshi ni maji, sahani moja ya chakula na pengine hela ya maegesho. Kumhesabia matumizi sawa na ya aliyelala siku tatu ni kuupa mji hela ambayo haijauona.

La nne ni tofauti: halipunguzi hela ya mji, linaiongeza. Wageni wengi wa Kitanzania wana kwao huku: Uru, Kibosho, Old Moshi, Machame. Hawalali gesti, kwa hiyo hawaonekani popote kwenye vitabu vya hoteli. Ila wanapanda na sukari, nyama na unga, na asubuhi ya kuondoka wanamwachia mama hela mkononi. Hii ni hela halisi na inabaki kuliko ile ya hoteli. Anayepima kwa kuhesabu vitanda anaikosa yote.

Tuweke mfano wa kukokotoa. Tarakimu hizi ni za kuonyesha njia, hazikutoka kwenye kipimo chochote. Tuseme washiriki ni 1,000. Anayezidisha kienyeji anachukua 1,000 mara shilingi 150,000, anapata milioni 150. Sasa toa wakazi 400. Wanabaki 600. Toa 150 ambao wangekuja tu. Wanabaki 450. Kati yao 270 wamelala, kila mmoja katumia 150,000, jumla milioni 40.5. Waliokuja na kurudi siku hiyohiyo ni 180, kila mmoja katumia 40,000, jumla milioni 7.2. Hela mpya iliyoingia ni milioni 47.7, chini ya theluthi moja ya ile ya kwanza. Na hapo bado hatujauliza imekaa muda gani.

Dhana: Kila shilingi inayoingia huzunguka mara tatu au nne mjini

Shilingi huzunguka, hilo ni kweli. Ila kila inapozunguka kuna kipande kinachovuja nje ya mji, na Moshi huvuja kwa njia zinazojulikana.

Tazama meza moja ya baa Jumapili mchana. Juu yake kuna bia, maji, kuku na ndizi. Bia ya Kilimanjaro inatengenezwa na TBL, kampuni ya bia Tanzania, ambayo kiwanda chake cha kaskazini kipo Arusha. Sehemu kubwa ya bei ya chupa ile ni bei ya kiwanda na kodi ya serikali kuu, kwa hiyo kinachobaki Moshi ni faida ya mwenye baa, ya wakala, na mshahara wa mhudumu. Maji ya Kilimanjaro yanajazwa na Bonite, hapahapa Moshi, kwa hiyo chupa ile inalipa na mishahara ya kiwandani pia. Kuku wa kisasa huenda amefugwa Moshi, lakini chakula chake na vifaranga mara nyingi vimenunuliwa mbali. Ndizi imeshuka kutoka mlimani, na karibu hela yake yote inarudi mlimani. Vitu vinne, meza moja, na kila kimoja kinabakiza kiasi tofauti.

Kizidisho, yaani mara ambazo shilingi moja iliyoingia huongezeka kwa kuzunguka, hupatikana kwa hesabu ya wazi. Kama katika kila shilingi 100 anayoipokea mtu wa Moshi, 25 anazitumia tena kwa mtu mwingine wa Moshi kwa vitu vya Moshi, mfululizo unakuwa 100, kisha 25, kisha 6.25, na kuendelea kupungua. Jumla yake ni kama 133, yaani kizidisho cha 1.33. Ili kizidisho kifike 3, ingebidi shilingi 67 katika kila 100 zitumike tena ndani ya mji, na mzunguko unaofuata vivyo hivyo. Kwa mji ambao mafuta, simu, dawa, saruji, nguo na vipuri vyote vinatoka nje, hilo haliwezekani. Kadiri mji ulivyo mdogo ndivyo unavyovuja zaidi, na Manispaa ya Moshi, kwa sensa ya 2022, ina watu zaidi ya 220,000 tu.

Turudi kwenye mfano. Zile milioni 47.7 zikivuja nusu katika mkono wa kwanza, zinabaki 23.85. Zidisha kwa 1.33, unapata karibu milioni 32. Anayechukua milioni 150 na kuzizidisha mara tatu anatangaza milioni 450. Wote wawili wanazungumzia Jumapili ileile, na mmoja amezidisha mara kumi na nne.

Mpaka nao una kazi yake. Barabara ya mbio inapanda kuelekea Mweka, na Mweka ipo Halmashauri ya Wilaya ya Moshi, nje ya Manispaa. Mgeni akilala Marangu, Himo au Boma Ng'ombe kwa kukosa chumba mjini, hela yake haikuingia Manispaa, lakini imeingia Mkoa wa Kilimanjaro. Kwa mkoa, mgeni kutoka Same ni mwenyeji. Kwa taifa, mgeni kutoka Dar es Salaam ni mwenyeji, na ni Mkenya, Mmarekani au Mjerumani tu aliyeleta hela mpya. Kabla ya kutaja kiasi chochote, taja kwanza ni faida ya nani. Taarifa isiyosema mpaka wake haifai kupangia kitu.

Dhana: Gesti zikijaa, wenye gesti wamepata

Februari ni msimu. Mvua za masika huanza Machi na kushika hadi Mei, kwa hiyo Januari na Februari kavu ni miezi mizuri ya kupanda mlima, na vyumba vingi tayari vina watalii na waongoza watalii wao. Hoteli ambayo wikiendi ya kawaida ya Februari huuza vyumba 14 kati ya 20, ikijaza vyote 20 wakati wa mbio, imepata sita tu kutokana na mbio. Wale 14 wangekuwapo. Na kama kundi la wapanda mlima lilikwepa wiki hiyo kwa sababu ya bei, hata hao sita si wote wa kuhesabu. Jambo hili hutokea hata kwenye miji mikubwa: mwezi Agosti 2012, London ikiwa na michezo ya Olimpiki, wageni kutoka nje walioingia Uingereza walikuwa pungufu kuliko Agosti ya mwaka uliotangulia. Watalii wa kawaida waliukimbia msongamano.

Mbio zingeangukia Mei, vyumba vikiwa vitupu, kila kitanda kilichojazwa kingekuwa faida safi. Hatusemi zihamishwe, kwani mvua ya Mei na mbio za kilomita 42 ni vitu viwili visivyokaa pamoja. Tunasema faida ya malazi ipimwe kwa tofauti na wikiendi ya kawaida ya mwezi uleule.

Kuhusu kupandisha bei mara mbili: inaleta hela usiku ule, lakini inafupisha ukaaji. Mgeni aliyepanga kulala Ijumaa, Jumamosi na Jumapili anakata Ijumaa na Jumapili, anabakiza usiku mmoja. Mwenye chumba anapata sawa na usiku mbili, na mji unapoteza milo, bajaji na manunuzi ya siku mbili nzima. Kinachomlipa zaidi mwenye gesti ni mambo madogo ambayo wengi huyapuuza. Staftahi iwe tayari saa kumi na moja alfajiri, kwa sababu kilomita 42 huanza kabla ya saa moja na anayekimbia anataka awe ameshakula mapema. Gesti inayoandaa chai saa moja na nusu imemlaza mtu na kumpoteza mteja wa chakula. Pili, siku ya Jumapili usimtoe mtu chumbani saa nne. Mkimbiaji wa kilomita 42 anaweza kurudi saa sita au saba, ana jasho na miguu imekakamaa. Ukimwambia mizigo yake ipo mapokezi, anakwenda moja kwa moja stendi. Ukimpa hadi saa tisa aoge na alale kidogo, anakula kwako, na wengi huamua kuondoka Jumatatu. Tatu, chukua malipo ya awali ya usiku mmoja mapema. Kuna wanaoshika vyumba gesti tatu kisha wakalala kwa shangazi.

Dhana: Biashara yote ipo getini pa uwanja

Ndani na jirani ya uwanja kuna maeneo ya wadhamini na mabanda yenye vibali. Mama lishe anayetegemea kusukumana pale na sufuria lake huishia kukimbizana na mgambo. Hela ya chakula ipo sehemu mbili nyingine: chakula cha jioni Jumamosi, kati ya saa kumi na mbili na saa mbili, mjini kati na kandokando ya gesti, na Jumapili kuanzia saa nne, kwenye njia ambazo watu wanazitumia kutoka uwanjani kuelekea stendi, Double Road na sokoni.

Kosa kubwa ni kupika chote alfajiri. Saa moja asubuhi umati upo, lakini haununui, kwa sababu wanaokimbia hawali na wanaosindikiza wanasubiri wenzao. Februari Moshi ni joto kali mchana, na pilau lililopikwa saa kumi na moja likifika saa sita limeshaanza kuharibika. Kilo moja ya mchele hutoa sahani nane hadi kumi. Pika kilo tano kwanza, iwe tayari saa nne, na uweke viungo vya kilo tano nyingine vimeshakatwa na kukaangwa, uongeze ukiona sahani ya thelathini imetoka. Aliyemaliza mbio hataki mafuta kwa saa ya kwanza. Anataka chumvi na maji: supu, mtori, tikiti, ndizi mbivu, soda. Baada ya hapo ndipo anaulizia nyama. Mwenye sufuria la supu karibu na njia ya kutokea huuza mapema kuliko mwenye pilau.

Chenji nayo hupoteza wateja. Asubuhi kila mtu ana noti ya elfu kumi, na Jumapili maduka ya kuvunjia hela yamefungwa. Ingia na noti za elfu moja na mbili zisizopungua laki moja kama unategemea kuuza sahani mia. Lipa namba inasaidia, ila umati ukiwa mkubwa mtandao huelemewa na ujumbe huchelewa, kwa hiyo usiitegemee peke yake.

Kwa bodaboda na bajaji, siku hii ina sura mbili. Kuanzia saa kumi alfajiri hadi barabara zifungwe kuna abiria wa kutosha kwenda uwanjani. Kisha kuna saa kadhaa za ukame, hasa kwa wanaozoea kupeleka waumini ibada ya kwanza na ya pili upande ambao barabara zimefungwa. Kuanzia saa tano hela inarudi. Dereva anayelipa hesabu ya siku kwa mwenye chombo azungumze naye mapema kuhusu saa hizo.

Dhana: Manispaa inavuna kodi

Kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18 inakwenda Hazina, na inatozwa na waliosajiliwa. Tangu Julai 2023 kiwango cha kulazimika kusajiliwa ni mauzo ya shilingi milioni 200 kwa mwaka, kwa hiyo gesti ndogo na mama lishe hawamo kabisa. Kodi ya bia inakwenda Hazina. Ada za kuingia hifadhi ya Kilimanjaro haziingii mfuko wa Manispaa. Kinachoifikia halmashauri ni ushuru wa huduma, usiozidi asilimia 0.3 ya mauzo, pamoja na ushuru wa nyumba za kulala wageni, leseni na ushuru mdogomdogo. Kwa ushuru wa huduma peke yake, mauzo ya ziada ya shilingi milioni 100 yanaipa halmashauri laki tatu kwa juu kabisa. Laki tatu hizo hazilipi hata usafishaji wa njia za mbio Jumapili jioni.

Kwa hiyo inawezekana kabisa wakazi wapate na halmashauri ipate hasara katika siku moja. Ni daftari mbili. Na fedha ambazo halmashauri yenyewe imetumia kuziba mashimo, kufyeka na kulipa vibarua wa taka ziandikwe upande wa gharama. Kwenye taarifa nyingi za matamasha, popote duniani, huandikwa upande wa faida, na hilo ni kosa lisilo na utetezi: hela hizo zilikuwa za wana Moshi tangu mwanzo, na zingeweza kwenda kwenye zahanati.

Dhana: Tamasha limetengeneza mamia ya ajira

Vibarua 300 wakifanya kazi siku tatu, hizo ni siku-kazi 900. Mtu wa ajira ya mwaka mzima hufanya kazi kama siku 300. Ajira zilizotengenezwa ni sawa na tatu. Posho ile ni msaada mkubwa kwa kijana wa Njoro aliyeipata, na iitwe hivyo: posho ya siku tatu.

Dhana: Waandaaji na wadhamini wanaondoka na kila kitu

Hii ni dhana ya upande wa pili, na nayo haina msingi. Ada za usajili kweli huenda kwa waandaaji, na zawadi huondoka na washindi. Ila hela ya mdhamini ambaye makao yake ni Dar es Salaam, ikitumika kulipia mahema, viti, jenereta, vyoo vya muda, walinzi na usafiri wa hapa Moshi, ni hela mpya kwa mji kwa asilimia mia. Haina mjadala wa nani angekuja na nani asingekuja. Swali ni nani aliyepewa kazi.

Chukua ndizi za njiani. Kwa wakimbiaji 1,000, ukiwapa nusu ndizi kwenye vituo vitatu, unahitaji ndizi 1,500. Mkungu wa ndizi mbivu huwa na ndizi kama 100 hadi 150, kwa hiyo ni mikungu 10 hadi 15 tu. Fungu hilo ni dogo na sifa yake ni kubwa kuliko hela. Hela ipo kwenye tisheti, uchapaji, mahema na sauti. Watoa huduma wa Moshi hukosa kazi hizo kwa sababu zinazorudiarudia: hawana risiti za EFD (mashine ya kodi) ambazo kampuni kubwa inazihitaji ili gharama yake itambulike na TRA, wanaleta bei Januari wakati mikataba ilishafungwa miezi kabla, na mmoja peke yake hana mahema ya kutosha. Dawa ya hili la mwisho ni watatu au wanne kuungana chini ya TIN (namba ya mlipakodi) moja, wakapeleka bei moja kabla ya Oktoba, wakiwa na orodha ya vifaa vilivyopo stoo na si vya kuazima.

Dhana: Faida kubwa ni mji kutangazwa

Picha ya mkimbiaji na Kibo, kilele cha Kilimanjaro, nyuma yake ni nzuri, lakini mlima wa mita 5,895 haukuwa haujulikani. Tangazo lina thamani pale linapobadilisha ukaaji wa mtu. Mgeni wa nje anayekimbia Jumapili kisha akaanza kupanda Jumanne anakaa siku nyingine tano hadi saba, na nyuma yake wanakwenda mwongozaji, mpishi na wapagazi watatu au zaidi, ambao wengi wanaishi Moshi na vijiji vya mlimani. Mishahara na bakshishi zao hutumika huku. Mtu mmoja wa namna hii anazidi makumi ya waliokuja asubuhi na kuondoka mchana. Kampuni za utalii za Moshi zinazouza mbio na mlima kwa pamoja zinafanya kazi kubwa zaidi kwa uchumi wa mji kuliko mabango yote ya barabarani.

Dhana: Marathoni ndiyo tukio kubwa la kiuchumi Moshi kwa mwaka

Tukio kubwa halina mdhamini wala medali. Ni Desemba.

Kuanzia katikati ya Desemba Wachagga wanarudi nyumbani kutoka Dar es Salaam, Mwanza, Dodoma, Nairobi na kwingine, na mahitaji ya mabasi huwa makubwa kiasi kwamba LATRA, mamlaka ya usafiri wa nchi kavu, hutoa vibali vya muda kwa magari ya ziada. Treni ya abiria, iliyorudi Moshi Desemba 2019 baada ya kusimama miaka mingi, huongeza wengine. Hoteli hazilioni wimbi hili kwa sababu watu wanalala kwao. Tovuti za malazi hazilioni. Lakini wanakaa wiki moja hadi tatu, wakati mkimbiaji anakaa siku mbili.

Na hela yao inaanza kufika kabla yao. Oktoba na Novemba inatumwa kwa simu: kupaka rangi, kubadili mabati, kujenga choo cha ndani, kuchonga barabara ya kuingilia. Mafundi wa Marangu, Rombo na Machame wanakuwa na kazi kuliko mwezi wowote. Kisha inakuja mbege, pombe ya ndizi ya Wachagga. Ndizi huvundikwa siku kadhaa mpaka ziive, zikapikwa, zikaachwa zichachuke, ulezi ukaoteshwa na kusagwa, msesewe (gome la mti) ukachemshwa kwa ajili ya ukali wake, ndipo vikachanganywa. Hesabu ya siku inarudi nyuma wiki mbili, kwa hiyo anayeuza ndizi za mbege kwa ajili ya Krismasi anazikata mwanzoni mwa Desemba. Akichelewa hadi tarehe 18, anauza za kula tu, kwa bei nyingine. Ndizi hubakisha hela kijijini. Ulezi mwingi hununuliwa mikoa mingine. Mbuzi hupanda bei minadani kadiri sikukuu inavyokaribia, na mwenye mbuzi wa kunenepesha hupanga kuanzia Septemba.

Desemba nayo huvuja. Wengi wanapanda na kila kitu kutoka Kariakoo: mchele, mafuta, nguo za watoto, hata soda. Na sehemu ya hela ile ni matumizi ya mwaka mzima yaliyofinywa, ya mtu ambaye asingekuja angeituma. Januari inayofuata, wenye maduka wa Kiborloni na sokoni Mbuyuni wanaijua vizuri: wateja hawana hela, ada za shule zimeingia. Ni katikati ya ukame huo ndipo marathoni inapokuja, na hii ndiyo sifa yake ambayo haisemwi. Kwa mama lishe na dereva, wikiendi moja yenye hela mwishoni mwa Februari ina uzito kuliko hela ileile ingekuja Desemba.

Dhana: Kupima haya yote ni kazi ya wataalamu na fedha nyingi

Watu 400 waliochaguliwa vizuri wanatosha kupata uwiano wenye kosa la kama asilimia tano juu au chini. Vijana wanne wa chuo, kila mmoja akihoji 50 kwa siku, wanamaliza kwa siku mbili: Jumamosi kwenye meza za kuchukulia namba na Jumapili njia ya kutokea uwanjani. Wahoji kila mtu wa kumi anayepita, wala wasimchague anayeonekana mchangamfu. Wasihoji hotelini peke yake, maana watawakosa waliolala kwa ndugu.

Maswali saba yanatosha. Unaishi kata gani na wilaya gani? Bila mbio ungekuwa Moshi wiki hii, au ungekuja mwezi mwingine? Unalala Moshi usiku ngapi, na wapi? Mpo wangapi mnaotumia mfuko mmoja? Ndani ya Moshi mmetumia kiasi gani kwa malazi, chakula, usafiri wa hapa, manunuzi, na hela mliyoacha nyumbani, kila kimoja peke yake? Nauli ya kuja ulilipia wapi? Una safari ya mlima au mbuga baada ya hapa?

Mawili huharibu majibu. Baba aliyelipia familia ya watu wanne anataja laki nne, karani anaandika laki nne kwa mtu mmoja. Ndiyo maana swali la mfuko mmoja linatangulia. Na nauli ya basi iliyokatwa Dar es Salaam huingizwa kama hela ya Moshi. Ukimaliza hapo, omba gesti 20 zikupe idadi ya vyumba vilivyouzwa wikiendi ya mbio, wikiendi mbili kabla na mbili baada. Usiulize mapato, watakuficha wakihofia kodi. Uliza vyumba tu, na ueleze mapema kwamba majina ya gesti hayataandikwa.